Mnada, chemsha bongo au kurusha pete: upi ufae jioni yenu ya harambee?

Kamati nyingi huanza kwa kuulizana mchezo upi unapendeza. Swali linaloamua mtaondoka na shilingi ngapi ni jingine: ni watu wangapi wanaweza kutoa pesa kwa wakati mmoja, na kila mmoja atatoa mara ngapi kabla hajaaga? Mnada huchota pesa nyingi kwa watu wachache. Kurusha pete huokota kidogo kidogo kwa wengi. Chemsha bongo hulipisha mara moja tu, halafu inaushika ukumbi mzima kwa saa moja na nusu. Bao haliingizi karibu chochote, ila wazee hawaondoki.

Ili hesabu zishikike, tuchukue mfano mmoja: mtaa unachangia madawati ya shule ya msingi, shughuli inafanyika uwanja wa shule yenyewe, watu kama 120 na kati yao watoto 40, kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 3 usiku. Mtaji wa michezo yote usizidi shilingi 100,000 za Tanzania. Bei zinazotajwa hapa ni za kupigia hesabu. Kwenu mtaweka zenu.

| Mchezo | Mtaji | Wasimamizi | Muda | Wanaotoa pesa |
|---|---|---|---|---|
| Mnada | karibu sifuri | 4 | dakika 45 | watu 10 hadi 20, pesa nzito |
| Kukisia | 5,000 hadi 10,000 | 1 | jioni nzima | yeyote apitaye |
| Kurusha pete | kama 30,000 | 2 | saa 3 | vijana na watoto, mara nyingi |
| Chemsha bongo | kama 10,000 | 4 | dakika 90 | timu 8 hadi 10, mara moja |
| Drafti, karata, bao | hakuna | 1 | jioni nzima | wachezaji 16, mara moja |
| Kuvuta kamba | kamba ya kuazima | 3 | nusu saa | pande mbili na mashabiki wao |
| Bahati nasibu | tiketi, zawadi na kibali | 3 | jioni nzima | wengi, lakini si wote |

Mnada

Pesa kubwa iko hapa, na mtaji wake ni miguu ya kupita nyumba kwa nyumba. Waliokulia kwenye sharika za Kilutheri za Kilimanjaro au Arusha wanaujua: asiye na noti siku hiyo huleta mkungu wa ndizi, trei ya mayai au jogoo, na ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Utaratibu ule ule unafaa jioni ya mtaa, mkiongeza taa tu.

Kusanyeni vitu 15. Kila kimoja kinakula kama dakika tatu, kwa hiyo dakika 45 zimekwisha. Vikizidi 20 watu huchoka, na vya mwisho huenda kwa bei ya chini kuliko sokoni. Anzeni na vitatu vidogo vya kuchangamsha: fungu la nyanya, mche wa sabuni, trei ya mayai. Keki au mbuzi aingie katikati, awe wa nane au wa tisa. Wengi humweka mwisho wakidhani wanajenga hamu, kumbe kufikia hapo wenye uwezo wameshaanza kutafuta funguo za gari.

Hatua za kupanda bei zitangazwe mapema. Chini ya shilingi 10,000 pandeni kwa 500, kutoka hapo hadi 50,000 pandeni kwa 2,000, zaidi ya hapo kwa 5,000. Dalali akikubali nyongeza za mia mbili kwenye kitu cha elfu thelathini, mvutano unapoa na watu wanaanza kupiga soga.

Kazi zigawanywe kwa watu wanne: dalali, mwandishi, mpokea pesa na mbebaji. Dalali asishike pesa hata kidogo. Daftari la mwandishi liwe na namba ya kitu, jina la mnunuzi, bei, namna alivyolipa, na saini. Mbebaji apite na kitu katikati ya watu wakati kinanadiwa. Mkungu unaoonekana na kushikwa hupanda kuliko uliowekwa mezani mita kumi mbele.

Ugonjwa mkuu wa mnada ni ahadi. Mtu anapaza sauti, "Elfu themanini!", anapigiwa makofi, kisha anamnong'oneza mpokea pesa kwamba atatuma mwisho wa mwezi. Tangazeni kabla ya kitu cha kwanza kwamba hakuna kinachotoka mezani pesa haijaingia. Anayetaka kuahidi aandikwe kwenye daftari jingine kabisa, na kiasi hicho kisijumlishwe katika mapato ya usiku huo. Kamati inayochanganya ahadi na fedha taslimu hutangaza jumla ambayo fundi wa madawati hataiona.

Jogoo ana siri yake. Mnunuzi akisema "namrudisha mnadani", ndege huyo huyo huuzwa tena. Akienda kwa 15,000, kisha 12,000, kisha 10,000, kuku mmoja ameleta 37,000. Bei hushuka kila duru, kwa hiyo baada ya mara ya tatu mwacheni aende. Na dalali asimshinikize mtu kurudisha. Yupo aliyemnunua kwa sababu kesho ana wageni. Kuku afungwe miguu kwa kitambaa, maana uzi wa nailoni unakata, akae kwenye tenga kivulini na apewe maji. Kuku anayehema mdomo wazi hapandi bei.

Kuna vitu vingine visivyomgharimu mtu chochote hadi siku ya kutumika: fundi cherehani atoe ushonaji wa suruali moja, kinyozi atoe kunyoa kwa mwezi mmoja, dereva wa bodaboda atoe safari tano za ndani ya kata. Hizi huleta pesa nzuri sana, na huleta ugomvi mzuri vilevile kama hazikuandikwa. Kila moja iwe na karatasi yake: huduma gani, mara ngapi, mwisho tarehe gani, kitambaa ni cha nani. Bila hiyo, mshindi atafika kwa fundi akiwa na suti.

Tatizo la pili ni mgeni rasmi anayenunua kila kitu. Mwanzoni watu hushangilia, kitu cha tano wanakuwa watazamaji. Dawa ni kununua kwa vikundi: walimu, mama lishe, kwaya, madereva wa bodaboda. Kila kikundi kichague mtu wa kupitisha kofia, na dalali avitaje kwa majina yao. Aliye na 1,000 tu anaweza kuwa sehemu ya keki ya 60,000, na ubishi kati ya bodaboda na walimu hupandisha bei bila dalali kutokwa jasho.

Kukisia au bahati nasibu

Hii ni michezo miwili inayofanana kwa mbali: mtu analipa kidogo, anaandika jina, anasubiri. Bahati nasibu ni rahisi kueleza na huuzwa hata kwa asiyekuja. Lakini ina uzito wa namna mbili.

Wa kwanza ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kuuza tiketi za bahati nasibu kwa umma si jambo la kamati kujiamulia, hata kama pesa ni ya madawati. Ulizeni kabla ya kuchapa tiketi. Kenya nako bahati nasibu za hadhara zina sheria na leseni zake.

Wa pili ni imani. Kwa Waislamu kamari imekatazwa. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, inaitaja sambamba na ulevi. Wapo Wakristo wengi pia wasioigusa. Kwenye mtaa wa mchanganyiko, bahati nasibu inawafukuza watu ambao wangetoa mara tatu zaidi kwenye mnada. Kwetu hilo peke yake linatosha kuiacha.

Kukisia ni nafuu, ingawa nako kuna namna ya kukuweka safi: zawadi itoke kwa mfadhili, isitoke kwenye pesa za waliokisia, na malipo yatajwe kuwa mchango. Kama bado kuna shaka, mwulizeni imamu wa mtaa wiki moja kabla. Siku yenyewe mtakuwa mmechelewa.

Namna iliyo rahisi kuliko zote ni maharage ndani ya chupa. Chukueni chupa ya maji ya lita 1.5, ondoeni karatasi yake, jazeni maharage hadi shingoni mkiitikisa ili yashikane. Itaingia kama kilo moja na kidogo, nayo ni punje elfu mbili hadi tatu kutegemea aina ya maharage. Wawili wahesabu kwenye ungo, wakipanga mafungu ya mia mia, kisha wabadilishane mafungu na kuhesabu upya. Msikadirie kwa mizani. Akijitokeza aliyepotea kwa punje nne, atataka kuhesabiwa mbele yake, na ana haki. Idadi iandikwe, itiwe kwenye bahasha, bahasha isainiwe juu ya gundi na ikabidhiwe mtu asiyeshiriki, kwa mfano mwalimu mkuu.

Kila kisio ni 500. Fomu iwe ya kukata, karatasi moja kwa mtu mmoja, ikunjwe na kutupwa kwenye boksi. Wengine hutumia daftari moja la wazi, na hapo mtu wa mwisho anasoma makisio yote 70 yaliyotangulia, anachukua la katikati, anashinda. Ikitokea watu wawili wamekaribia sawa, wapewe chupa ndogo ya pili papo hapo.

Uzito wa mbuzi unavuta watu zaidi kuliko chupa, kwa sababu mbuzi analia. Apimwe mara moja tu, mbele ya watu, saa ya kufunga, kwa mizani ya kuning'iniza iliyojaribiwa kwanza na mfuko wa sukari wa kilo 5 ambao haujafunguliwa. Mkimpima asubuhi na kutangaza usiku, atakuwa ameshapungua kwa haja zake, na mchinjaji mmoja atalisema hilo kwa sauti. Kwenye maeneo ya wafugaji, achaneni na mbuzi kabisa. Nusu ya wazee watapatia kwa kumtazama mgongo tu.

Kurusha pete

Huu ndio mchezo wa kujengwa kwa mikono, na ukijengwa vibaya unawala mtaji. Pete hukatwa kwenye mpira wa maji wa nusu inchi, vipande vya sentimita 32. Mita 4 hutoa pete 12. Chonga kijiti cha sentimita 5 kinachobana ndani ya mpira, kiingize upande mmoja, mimina mchanga mkavu ujaze nusu ya mpira, kisha funga upande wa pili kwa kijiti hicho hicho na uzungushe utepe. Mchanga una kazi yake. Pete tupu hudunda juu ya chupa na kuruka pembeni. Iliyojaa kabisa huangusha chupa. Kipenyo cha ndani kitakuwa kama sentimita 8.5, na chupa ya plastiki ya mililita 500 ina karibu 6.5. Hiyo nafasi ya sentimita moja kila upande ndiyo inayofanya mtu aseme "nilikosa kidogo tu" na kutoa 500 nyingine.

Msitumie chupa za kioo. Moja ikivunjika gizani kwenye uwanja wa watoto wa ndala, mchezo umekwisha. Jazeni maji chupa 12 za plastiki, zipangeni nne kwa tatu, sentimita 15 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Chora mistari miwili kwa chokaa: mita 1.8 kwa wakubwa, mita 1.2 kwa watoto.

Pete tatu kwa 500, ikiingia moja mpaka chini umeshinda soda. Tuseme soda mmeipata jumla kwa 700. Akishinda mmoja kati ya watano, mmepokea 2,500 na kutoa 700, zimebaki 1,800. Wakishinda nusu yao, kila mechi mbili zinaacha 300, na mnafanya biashara ya kugawa soda. Akishinda mmoja kati ya ishirini, watoto wataambiana kwamba pale wanaibiwa. Kwa hiyo siku moja kabla, vijana wanne warushe mizunguko 20 ya pete tatu tatu. Washindi wakiwa wanne hivi, acheni mstari ulipo. Wakizidi saba, rudisheni mstari nyuma sentimita 20. Akipatikana mmoja au hakuna, usogezeni mbele.

Mrushaji mmoja huchukua dakika moja pamoja na kuokota pete. Saa tatu ni mizunguko 180, yaani 90,000, na soda 36 ni 25,200. Hapo zinabaki 64,800 kabla ya kutoa gharama ya mpira. Kubalianeni na mwenye duka azipokee soda zitakazobaki. Wasimamizi wawili wanahitajika kweli: mmoja anapokea kuponi, mwingine anaokota pete. Akiwa mmoja, mizunguko inashuka hadi nusu, na foleni ndefu huondoa watoto.

Chemsha bongo

Timu tisa za watu sita, 12,000 kwa timu, ni 108,000. Pesa inaingia mapema na inajulikana, na gharama ni karatasi, kalamu na zawadi ya kuchangwa. Tatizo ni kwamba kwa dakika 90 hakuna kingine kinachoweza kwenda, kwa kuwa spika ni moja na kila mtu anaambiwa anyamaze. Watoto 40 waliobaki nje hawatanyamaza.

Ubora wake uko kwenye maswali, na maswali ndiyo yanayoharibu. "Tanzania ilipata uhuru mwaka gani?" linaonekana jepesi hadi mtu asimame kueleza kuwa Tanganyika ni 1961, Zanzibar ni 1963, na Tanzania yenyewe imezaliwa na Muungano wa 1964. "Mlima Kilimanjaro una urefu gani?" lina majibu mawili: kibao cha kileleni kinasema mita 5,895, upimaji wa mwaka 1999 ulitoa 5,892. "Tanzania inapakana na nchi ngapi?" Nane, lakini mpaka na Kongo uko wote ndani ya Ziwa Tanganyika, na timu moja itabisha kwamba maji hayahesabiki. Ulizeni visivyobishaniwa: Azimio la Arusha ni la mwaka gani (1967), ziwa lipi lina kina kirefu kuliko yote Afrika (Tanganyika), bao la Kiswahili lina mashimo mangapi (32).

Raundi nne za maswali kumi zinatosha. Timu zibadilishane karatasi za kusahihisha, na neno la mwuliza maswali liwe la mwisho. Simu zote ziingie kwenye beseni katikati ya meza. Raundi moja iwe ya vitendawili, kwa sababu hapo bibi anaweza kuishinda timu ya walimu. Desturi inampa mtegaji mji kila anayejibu akishindwa; hapa mji uuzwe: timu ikishindwa, shilingi 1,000 kapuni, na jibu litolewe. Raundi hiyo pekee inaweza kuzidi faida ya nyingine tatu.

Drafti, karata na bao

Wachezaji 16 wa drafti kwa 1,000 ni 16,000. Basi. Kwa mbao nne za kuazima na dakika 15 kwa mchezo, mtoano unakwisha kwa saa moja na robo. Bao la ubingwa wa kweli, lenye kete 64, linaweza kumeza saa nzima kwa mchezo mmoja, kwa hiyo msilipangie mtoano. Mwekeni bingwa wa kijiwe apokee wapinzani kwa 1,000 kila mmoja. Zawadi isitokane na viingilio, la sivyo mmerudi kwenye kamari kwa mlango wa uani.

Mbona basi tuuweke? Kwa sababu kila mbao huvuta watazamaji kumi, nao hawatazami mikono mitupu. Wekeni meza hizi karibu na mishikaki, kahawa na kashata. Faida yake itaonekana kwenye kapu la chakula.

Kuvuta kamba na michezo ya watoto

Kamba iwe ya katani au manila, nene kama gumba la mtu mzima, urefu wa mita 25. Nailoni hunyumbuka, na ikikatika hurudi kwa nguvu na kuumiza. Asiwepo anayejizungushia kamba mkononi au kiunoni. Hivyo ndivyo vidole huvunjika. Mkae kwenye nyasi au mchanga, msivutie kwenye sakafu.

Viingilio vya wavutaji ni kidogo. Pesa iko kwa mashabiki: kila upande uwe na ndoo yake, na kila 10,000 inayofika ndooni inaununulia upande huo mvutaji mmoja wa ziada, mwisho wawili. Nane kwa nane inageuka kumi kwa tisa, na waliozidiwa hukimbilia mifukoni. Mtangazaji ataje kiasi cha kila ndoo kila dakika mbili.

Mbio za gunia na za kijiko zifanyike kabla ya saa 12 na nusu, mwanga ukiwepo. Gunia la katani linashika chini. Kiroba cha plastiki huteleza na mtoto huanguka kwa uso. Kwenye kijiko wekeni ndimu, mayai yapelekwe mnadani. Mita 15 zinatosha. Toza 200, na usitegemee zaidi ya elfu kumi.

Kuna kamati zinazopenda "mahakama ya faini": anayeshika simu, aliyechelewa, aliyevaa kofia, wote wanatozwa. Ni nyepesi na haina mtaji, lakini inamtegemea sana mshereheshaji. Akimtoza mjane aliyekuja na 2,000 yake ya mwisho, mmeupoteza ukumbi. Ikiwepo, iwe dakika kumi, na watozwe viongozi tu.

Mchague nini

Kwa mfano wetu wa watu 120, tungeweka mnada uwe nguzo, kurusha pete na kukisia viende jioni nzima, kuvuta kamba saa 11 na nusu, na mbao za drafti karibu na chakula. Chemsha bongo tungeiacha, kwa kuwa watoto ni wengi. Mkiwa watu wazima 50 ndani ya ukumbi, geuzeni: chemsha bongo kwanza, mnada mfupi wa vitu saba baadaye, hakuna pete. Mkiwa na vijana watupu wasio na kipato, mnada utawaaibisha. Pete, kamba na vitendawili vitawatosha. Mkiwa na wasimamizi wasiofika sita, msizidishe michezo mitatu. Mchezo usio na msimamizi hugeuka kuwa wa bure.

Mnada uanze saa 1 usiku, chakula kikiwa kimeshaliwa. Mwenye njaa hapandishi bei. Na taa za akiba ziwepo, maana umeme ukikatika katikati ya keki ni vigumu kurudi ulipoishia.

Pesa zipite wapi

Michezo yote midogo ichezwe kwa kuponi, isichezwe kwa fedha. Chapeni kuponi za 500 kwenye karatasi ya rangi isiyopatikana duka la jirani, zigongeni mhuri, ziuzwe meza moja tu. Meza hiyo ianze na chenji ya 30,000 katika noti za 1,000 na sarafu za 500 na 200, iliyoandikwa na kusainiwa, ili isije ikahesabiwa kuwa mapato. Anayelipa kwa simu atumie lipa namba moja, na mwandishi asubiri ujumbe uingie kwenye simu ya kamati. Picha ya ujumbe kwenye simu ya mlipaji haitoshi. Mtandao ukilemewa, mwandikeni kwa penseli na aende kucheza, kisha mhakikishe kabla ya mnada.

Kibali cha mkusanyiko na cha muziki wa usiku kianzie ofisi ya serikali ya mtaa, siku kumi kabla.

Saa 2 na nusu meza ya kuponi ifungwe. Wawili wahesabu, wa tatu aandike, wote watatu wasaini, na kuponi zilizorudi kutoka kila mchezo zihesabiwe peke yake ili ijulikane upi ulileta nini. Jumla itangazwe kabla watu hawajatawanyika, ikitajwa kwa mafungu: taslimu, lipa namba, na ahadi peke yake. Kisha litajwe jina la atakayezipeleka benki asubuhi, na la mtu wa pili atakayefuatana naye.